Ling'ae Gari la Baba Mkwe

Jumanne, 5 Machi
Wiki chache tu za ndoa, na bado nikisikia funguo zake mlangoni moyo unaruka! Leo mpenzi wangu amesafiri kikazi hadi Ijumaa. Uani ameacha gari la marehemu baba yake, kitu pekee alichorithi. Jekundu, kuukuu, limepauka kama tambara la deki. Wakati wa kuniaga alilipapasa boneti. Karibu nione wivu.

Nimeamua. Akirudi alikute linang'aa kama sisi siku ya harusi! Fundi rangi wa mtaa wa pili ameniazima mashine ya kupolishi. Amesema magari ya zamani rangi yao ni laini, niguse tu. Nikamwambia mkono wangu ni mwepesi kama unyoya.

Jumatano, 6 Machi
Wifi kaingia bila hodi. Anajua kila kitu isipokuwa kuondoka. Kuona mashine, akashika kiuno. Ati baba yao alilifuta gari kwa fulana yake kuukuu, maisha yake yote. Ati nikishindwa kabisa kutulia, basi mlango wa dereva niuache, bibi harusi, tafadhali. Nikauliza kwa nini. Kamuulize mumeo, akasema.

Wivu huo! Nikaitikia haya wifi yangu, kwa sauti ya asali.

Alhamisi, 7 Machi
Sponji ya mashine ikawa nyekundu papo hapo. Vumbi la miaka! Nikaisuuza, nikarudia. Nyekundu. Nikakandamiza. Nyekundu tena! Nikaapa siachi mpaka uchafu wote uishe. Boneti ikang'aa hadi nikajipodoa humo.

Kwenye mlango wa dereva, chini ya dirisha, kulikuwa na doa lililofifia. Baya. Nikamkumbuka wifi, nikaanza nalo. Likatoka! Na sponji ikaacha kutoa nyekundu. Hatimaye!

Nikaangalia vizuri. Bati. Bati tupu, upana wa sahani.

Nimetundika taulo hapo. Taulo zuri, la harusi.

Ijumaa, 8 Machi
Amerudi! Akalizunguka gari akicheka, akaniita malkia wake. Akaingia, akashusha kioo, taulo likaanguka. Mkono ukatoka nje wenyewe. Kiwiko kikatafuta mahali pake.

Akachungulia nje, akaliona bati.

Kisha akasema polepole. Baba aliendesha hivyo siku zote, kiwiko nje, mpaka rangi ikalika na kubaki umbo lake. Tangu wamzike, yeye huweka chake palepale.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alisema si kitu, mke wangu, hukujua. Akabaki garini, injini imezimwa, mpaka chai ikapoa.

Nimelia jikoni. Nikajifuta kwa kilichokuwa karibu, kumbe ni ile sponji. Wifi akaja, akaniona uso mwekundu kama nyanya. Nilingoja masimango. Alitoka, akaketi garini kando ya kaka yake, akamshika bega. Hiyo iliniuma zaidi.

Jumamosi, 9 Machi
Sijalala. Mpenzi wangu kaamka mpole, macho yamevimba. Akanibusu paji la uso, akaenda kukaa garini tena.

Lakini nimepata dawa! Fundi atapuliza rangi nyekundu juu ya bati. Ikikauka, nitachonga doa jipya kwa mashine. Kipimo cha kiwiko? Nimeshachukua, kwa uzi, mume wangu akinywa chai. Kiwiko cha mtoto na cha baba vitatofautiana wapi?

Dakika moja tu, mkono mwepesi. Wifi asijue. Jinsi mpenzi wangu atakavyofurahi!