Vidole Vyangu na Kata ya Sauna

Jumatatu, 2 Novemba
Mzee Eino ameacha kushika kata. Magoti yamemshinda. Jumamosi sisi wanaume wa jengo tutamchagua mwingine wa kumwagia maji mawe ya moto ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke uchi. Ni mimi! Nani mwingine katika mji mzima wa Tampere? Reijo wa ghorofa ya pili? Huyo humwaga kama anayemwagilia maua. Tatizo moja tu: katikati ya vidole vya miguu ngozi imegeuka nyeupe, inachanika, inawasha ajabu. Na mshika kata hukaa benchi la juu, nyayo mbele ya pua za walio chini. Wakiona, nimekwisha.

Jumanne, 3 Novemba
Duka la dawa. Nimesema ni ya rafiki yangu. Dada muuzaji akasema basi nimwambie huyo rafiki: ni fangasi. Apake kila siku, asiache hata muwasho ukiisha, akaushe vidole, abadili soksi, avae kandambili bafuni, na taulo asichangie na mtu. Huku anaangalia viatu vyangu! Nimeoga, nimepaka. Taulo langu lilikuwa mbali, nikatumia la mke wangu, Sirkka.

Jumatano, 4 Novemba
Haiwashi! Dawa nimeitupia kabatini. Sirkka akasema, mzee wewe, hebu soma karatasi ya dawa. Nisome ya nini, nami nimepona? Nimebandika tangazo mlangoni mwa sauna, bila jina: kuna mtu wa ghorofa ya pili anatuletea fangasi. Mwanamume wa ghorofa ya pili ni Reijo peke yake. Nimecheka hadi machozi.

Alhamisi, 5 Novemba
Reijo hakukasirika! Amelisifu tangazo, kisha akapendekeza kila mtu akaguliwe miguu Jumamosi. Wote wanasema ana busara. Busara gani? Wazo ni langu!

Ijumaa, 6 Novemba
Muwasho umerudi na ukoo wake wote. Buti zimejaa theluji iliyoyeyuka, na soksi sikubadili kwa kuwa ni za bahati. Niingie saunani na soksi? Afadhali niende kanisani uchi. Ndipo nikaiona poda ya uso ya Sirkka, nyeupe, yenye harufu ya waridi.

Jumamosi, 7 Novemba
Ukaguzi nimepita! Mkaguzi ni Mzee Eino, na macho nayo yamemshinda. Nikapanda juu, nikapewa kata, nikamwaga. Mvuke ukapanda. Poda ikayeyuka, ikadondokea kipara cha Reijo. Akapapasa, akanusa, akauliza tangu lini sauna inanyesha mvua ya waridi. Wakageuka wote kutazama vidole vyangu. Walicheka hadi ndoo ikapinduka. Kata kapewa Reijo. Nimeumia, sifichi. Na wakati wa kuvaa akaninong'oneza eti hata yeye yalimkuta mwaka jana, akapaka dawa mpaka mwisho, yakaisha. Nipake tu, jirani, nikipona atanipa kata. Mnafiki mkubwa!

Jumapili, 8 Novemba
Nimepaka asubuhi. Jioni haiwashi. Nimepona kabisa! Dawa kabatini. Sirkka ameketi kitandani anajikuna vidole vya miguu, anauliza huu muwasho ameutoa wapi. Nimemwambia bila kusita: kwa Reijo. Kisha nikaenda kuoga. Taulo langu lilikuwa mbali.