Tone Moja kwa Seli za Bwana Usafi

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi ya kung'ara imefika! Ijumaa tutazimwagia peroksaidi, kemikali inayounguza, seli za utumbo wa binadamu tunazozikuza maabarani. Ambaye zake zitahimili, kasema Profesa, ndiye atakayewaeleza wageni wanaotutembelea Jumatatu ijayo namna vimeng'enya vinavyolinda kuta za utumbo. Tuko wawili: mimi, na Bwana Usafi wa meza ya pili, mtu anayefuta hata bomba kabla ya kunawa. Nimeshamwambia mke wangu ni mimi. Suti imeshapigwa pasi.

Jumanne, 4 Machi
Nimechungulia seli za Bwana Usafi. Nono! Zangu zimenyong'onyea kama wanafunzi baada ya chakula cha mchana. Haki iko wapi? Alipokwenda kunywa chai, nikazidondoshea zake peroksaidi. Tone dogo. Si kuziua, jamani. Kuzichosha tu.

Jumatano, 5 Machi
Hazijachoka! Nikaongeza tone. Bwana Usafi akanikuta mbele ya kabati la joto tunamokuzia seli, nikaficha chupa mgongoni. Kumbe anashukuru! Eti namwangalizia seli zake, hakujua nina moyo wa ndugu. Akanipa nusu ya chungwa lake. Nimelila. Tamu kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Peroksaidi imemwagwa. Zangu zimekufa zote, zinaelea kama makombo. Zake imara! Profesa akapima: katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi, kimejaa tele ndani ya seli za Bwana Usafi. Akamuuliza kazifanya nini. Akaapa hajazifanya lolote. Profesa akasema seli hazijihami hivyo bila kuchokozwa. Lazima kuna aliyezionjesha sumu kidogo, nazo zikajitengenezea silaha. Nani huyo?

Nikaona sifa zangu zinakwenda kwa mtu mwingine. Nikaropoka: "Mimi!"

Profesa akanitazama mpaka nikahisi suruali inanipwaya. Bwana Usafi akacheka hadi machozi. "Ndugu yangu, si ungeniambia tu!" Uamuzi ukatoka: wageni nitawaeleza mimi, maana aliyetenda ndiye ajuaye. Ila niseme yote, hata nia yangu. USHINDI!

Jumatatu, 10 Machi
Wageni wameuliza maswali, wametikisa vichwa, wamesogeza viti karibu. Nilipotaka kuiruka ile nia, Profesa akakohoa. Nikaitaja. Wakacheka, wakapiga makofi maradufu! Tangu leo ufunguo wa kabati la joto anao Bwana Usafi. Nimepunguziwa majukumu, kama wakubwa wote. Nimemweleza mke wangu, akaweka mkono kichwani. Furaha hiyo.

Na somo limeniingia barabara: kiumbe akichokozwa kidogo, anaimarika. Bwana Usafi ni mtu mwema, anastahili kuimarika. Nimelegeza skrubu moja ya kiti chake. Si aanguke. Ayumbe tu.