Daraja la Ingénieur Kahongya

Kahongya alipowaona kina mama wa Vulamba, mjini Butembo, wakivuka kijito juu ya gogo moja, beseni kichwani, viatu mkononi, hakuona aibu ya nchi. Aliona riziki. Kila mtu na jicho lake.

Akaazima kofia ngumu ya njano kwa fundi mmoja, akatembeza tumbo mbele kama mtu anayelipwa kila mwezi, akabisha kwa Mama Orpa, chef wa ile avenue, mkubwa wa mtaa.

"Mama Chef, miye niko ingénieur. Serikali inanituma kujenga daraja."

"Serikali gani?"

"Ile ya Kinshasa."

"Ah! Banajuaka kama tuko?"

"Banajua sana! Kila nyumba ilete mufuko wa simenti na mbao. Jumamosi nitapita na camion, tupeleke yote Beni, kwa contrôle ya qualité."

Maneno hayo ya mwisho, ukaguzi wa ubora kwa Kifaransa, aliyapenda mno. Kila alipoyatamka alijiona ana diploma. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi: simenti ingefika Beni, na Beni kuna wanunuzi wasiouliza maswali.

Mama Orpa akamtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Papa Ingénieur, siye tumetoa, tumetoa, tumechoka. Hii mara Serikali ianze. Ikileta yake, tutaleta yetu."

Mvuvi bila chambo hurudi na njaa, Kahongya akajiambia. Akauza pikipiki yake, mkate wake wa kila siku, akanunua simenti, akaishusha uani kwa Mama Orpa. Wanawake wakapiga vigelegele. "Wasingya! Wasingya!" wakamshukuru kwa Kinande, naye akapunga mkono taratibu, kama wakubwa wanavyopunga wakiwa ndani ya gari. Kesho yake mifuko ya majirani ikaanza kufika, na mbao za mikaratusi juu yake. Kahongya alilala akiota pikipiki mpya.

Alisahau kitu ambacho hata mbuzi wa Butembo anakijua: Jumamosi asubuhi ni salongo, kazi za mtaa. Hapa watu hawangoji kazi ya wote ianzishwe na mkubwa. Wangengoja, mji mzima ungekuwa bado msitu.

Alipofika na lori la kukodi, ua ulikuwa mtupu. Kule kijitoni mtaa mzima ulikuwa na koleo. Mifuko yote imepasuliwa, yake na yao, na simenti imekwisha korogwa.

"Nani amewapa ruhusa?" akapiga kelele.

"Simenti hailalake, Papa," Mama Orpa akajibu. "Mvua ikiipiga, itakauka mu mufuko."

"Na contrôle ya qualité?"

"Wewe ndiyo contrôle. Likikauka, utapita wa kwanza." Kisha akageukia watu. "Camion ya Serikali imefika! Mupakie mawe!"

Akataka kukataa. Lakini ni ingénieur gani anayekataa daraja lake? Kukataa kungekuwa kukiri. Akakunja suruali, akaingia majini, akabeba mawe hadi viganja vikatoa malengelenge. Tangu azaliwe hakuwahi kufanya kazi ya halali kwa nguvu hivyo, na alijionea huruma sana.

Jioni, wakati wa kunawa, akamsogelea Mama Orpa.

"Mama, mulijua?"

"Tujue nini?"

"Kama miye si... wa Serikali."

Mama Orpa akacheka hadi akajishika kiuno.

"Mutoto yangu, ungekuwa Serikali ya kweli, ungeleta simenti?"

Wakampa sahani ya ugali na sombe, majani ya muhogo, na jina lake wakalichora kwenye zege bichi. Kahongya akala akilitazama. Lilikuwa daraja zuri, na ndani yake kulikuwa na pikipiki yake.

Akapanda lori kuelekea Beni, kofia ikiwa bado kichwani. Karibu na Kalunguta lori likapunguza mwendo. Kando ya barabara kulikuwa na kijito na gogo, na mama mmoja mwenye mzigo mgongoni. Alipoiona kofia ya njano, akapunga mikono miwili:

"Ingénieur! Ingénieur, simama!"

Kahongya akaivua upesi, akaificha ndani ya shati, akageuza uso upande wa pili, kama Serikali ya kweli.