Ombi la Mashine ya Kukaushia Nguo kwa Manufaa ya Utabiri wa Taifa

Ndugu Mkurugenzi wa Hali ya Hewa,

Pokea salamu kutoka kituo chako cha kilimani, ambako sote tu wazima isipokuwa vipimo. Mimi ndiye mtabiri wa zamu ya asubuhi, nikaaye ng'ambo ya barabara kutoka kituoni. Naiomba idara, kwa heshima zote, ininunulie mashine ya kukaushia nguo. Ombi hili linaweza kueleweka vibaya. Hata mimi nililielewa vibaya mwanzoni. Sababu zangu ni hizi:

1. Majirani hawasikilizi utabiri wetu. Siwalaumu, kwani redio huusoma baada ya matangazo ya vifo, wakati mwenye kulia analia na asiyelia amekwisha kuizima. Badala yake hutazama kamba yangu ya nguo. Nikianika, mtaa mzima unaanika. Nikianua, hata wapita njia wanakimbia. Zamani nilidhani hiyo ni heshima kwa sayansi. Siku hizi sina hakika.

2. Juzi nilikwenda zamu nikasahau shuka kwenye kamba. Jirani yangu mfyatua matofali aliliona, akayaacha wazi matofali yake mabichi. Mvua ikayarudisha kuwa udongo. Alinisubiri langoni: "Mama Mawingu, sina ugomvi nawe. Shuka lako ndilo lililoniponza." Nikamshauri asikilize redio. Akanijibu, "Mtangazaji hana nguo za kulowa. Wewe unazo." Nikaenda kulianua shuka, mimi na shahada zangu mbili. Tangu siku hiyo hanisalimii, na mkewe, shoga yangu wa pekee mtaani hapa, haji tena kwangu. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

3. Kipimamvua chetu kina ufa, kwa hiyo kila mvua huandikwa kuwa ya rasharasha. Kionyesha upepo kimeshika kutu kikielekea dirisha la mhasibu, kana kwamba upepo wote wa nchi unatoka kwake. Kompyuta hutegemea umeme, nao hukatika kwa radi ya kwanza, yaani pale hasa tunapouhitaji. Nikiyaeleza haya mtaani, wananiambia, "Basi afadhali kamba, haihitaji umeme."

4. Sasa wanasoma hata rangi. Kitenge cheusi kimefasiriwa kuwa ngurumo. Nilipoanika soksi moja, mwalimu wa jirani aliniuliza kwa adabu kama hayo ni manyunyu. Ikabidi nguo nyingine tuzianikie chumbani. Mume wangu huenda kazini na shati bichi, akilalamika kwamba aliposa mtabiri, hakuposa mvua.

5. Kwa hiyo, nikipata mashine, kamba itaondoka; kamba ikiondoka, watu watarudi kwenye utabiri rasmi; wakirudi, matofali yatakauka, shoga yangu atarudi, na imani ya wananchi kwa serikali itaimarika. Nakiri kwamba hatua moja au mbili za hoja hii sijazithibitisha.

Nisalimie wote makao makuu, madereva, makarani na wahasibu, hasa yule atakayekataa.

Wako katika kutazama juu,
Mtabiri wa Zamu ya Asubuhi

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nimeona vyema nichunguze zaidi. Mwenzangu anayekutumia taarifa amekiri kwamba, tangu kipimamvua kipasuke, huchungulia kwanza dirishani aone kama nimeanika. Siku ile ya shuka aliitangazia nchi nzima jua. Nimemweleza mfyatua matofali. Amecheka hadi akakaa chini, akisema kumbe hakuponzwa peke yake, ameponzwa pamoja na serikali. Mkewe yuko jikoni kwangu sasa hivi, ananisema kwa sauti kwa jinsi ninavyoficha sukari. Hivyo naomba sana mashine isiletwe, nisije nikailetea nchi hasara. Tuleteeni kipimamvua kipya, na kama fedha hazitoshi, vibanio vya nguo.