Mtumiaji Wangu ni Mume Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Bado naamka kabla yake ili nimtazame alivyolala. Mdomo wazi. Mzuri hata hivyo!

Chuoni, somo la uchambuzi wa mahitaji ya programu. Mhadhiri ametupa zoezi. Kila mmoja atafute mtu mwenye kazi yake, amhoji anahitaji nini, kisha amtengenezee prototaipu, yaani programu ya mfano, iliyochorwa kwenye karatasi tu. Ijumaa mtu huyo aje darasani aijaribu. Asiyepita anarudia mwaka. Mhadhiri akasisitiza: msibuni, ulizeni. Akanitazama mimi. Kwa nini mimi?

Mtu wangu nimeshampata. Mume wangu ni dobi. Ana duka lake, na shangazi yake, tunayeishi naye, ndiye anayempigia pasi. Kuna mtumiaji gani mwingine duniani mwenye macho yale?

Jumanne, 5 Machi

Nilikwenda dukani na daftari. Nikamkuta katikati ya mvuke, povu mpaka kwenye viwiko. Nikasahau swali la kwanza. La pili pia. Akaniuliza nimefuata nini. Nikasema nimemfuata yeye. Shangazi akaguna nyuma ya pasi: bi harusi, shika kikapu au shika njia.

Nikashika njia. Na njiani akili ikanijia. Kwa nini nimsumbue? Mimi na yeye tumekuwa kitu kimoja. Nikijihoji mimi, nimemhoji yeye!

Maswali kumi na tano, majibu kumi na tano, nusu saa haikuisha. Swali la saba: ungependa skrini iweje? Jibu: iwe na mawaridi. Yeye kabisa!

Jumatano, 6 Machi

Darasani kuna mtu tunamwita Bwana Kwanini. Amemchagua fundi viatu. Ameshinda naye siku nzima, kwa nini hiki, kwa nini kile, mpaka fundi akamwonyesha nyundo. Ana kurasa kumi na tisa za maelezo. Prototaipu yake ni mistari ya penseli, kama kuku kaparua.

Yangu ni karatasi ya manila nyeupe, skrini sita, mawaridi kila pembe. Skrini ya kwanza inauliza jina la mteja. Ya pili, siku yake ya kuzaliwa, ili atumiwe salamu. Ya mwisho inasema: Nenda ukapendeze! Bwana Kwanini akauliza kama hayo kayaomba dobi mwenyewe. Nikamwambia hajaoa, hawezi kuelewa.

Alhamisi, 7 Machi

Mume wangu ana wasiwasi. Kauliza kama kuna cha kusoma kabla ya kesho, maana shule aliiacha mapema na hataki kunitia aibu. Nikamwambia asome nini, wakati kila kitu kimetoka moyoni mwake? Akatabasamu. Kamwomba shangazi ainyooshe suti ya harusi. Kesho asubuhi duka litafungwa kwa ajili yangu. Jamani, mapenzi!

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nikiwa chooni. Ndicho chumba pekee chenye komeo.

Mhadhiri alitueleza utaratibu. Mchoraji anyamaze kimya. Mtumiaji aguse karatasi kwa kidole, na mhadhiri, ambaye ndiye kompyuta, abadilishe skrini. Kisha akampa mume wangu shati na kumwambia alipokee kama dukani.

Mume wangu, ndani ya suti, akaigeuza kola. Akaikagua. Akatazama karatasi yangu, juu, chini, nyuma. Akauliza kwa adabu, mwalimu, samahani, uzi naweka wapi?

Uzi gani?

Kumbe hashughuliki na majina! Kila mteja ana uzi wake, ambao mume wangu anaushona ndani ya kola. Buluu mafundo mawili, nyekundu fundo moja, hivyo hivyo, watu mia na ushee, yote kichwani. Mvua ikinyesha na nguo zikirundikana, nyuzi zinamchanganya. Hapo ndipo anapohitaji msaada. Tumeoana siku ishirini na saba, na sikuyajua hayo!

Skrini ilikuwa bado inangoja jina. Akaigusa kwa kidole. Hakuna kitu. Akaigusa tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Darasa likacheka. Jasho likamtoka.

Hapa ndipo ninapotamani ardhi inimeze. Mhadhiri aliniuliza tatizo ni nini. Nikasema mtumiaji anahitaji mafunzo kidogo.

Mume wangu akainamisha kichwa.

Mhadhiri akafungua mahojiano yangu, akamuuliza kama kweli aliomba mawaridi. Mume wangu akanitazama. Akayatazama mawaridi. Akasema ndiyo, mwalimu, tangu utotoni nayapenda sana. Ya rangi gani? Ya kijani, mwalimu. Bwana Kwanini alicheka mpaka akashika dawati.

Mhadhiri kanipa nafasi moja. Jumanne saa nne nilete mahojiano ya kweli, kwa maneno yake mwenyewe. La sivyo, mwaka upya.

Njiani mume wangu aliniomba msamaha. Alisema atajifunza. Nami, badala ya kukiri, nikamwambia yamekwisha, mpenzi. Nimemsamehe! Mimi!

Jumapili, 10 Machi

Nimekiri. Nililia kwanza, kisha nikasema, kisha nikalia tena. Mume wangu akanifuta machozi. Akasema alidhani yeye ndiye mjinga. Neno hilo limenichoma kuliko kicheko cha darasa zima. Halafu akasema kesho mchana niende dukani, nimuulize chochote. Shangazi akasema, na safari hii, mwanangu, fungua masikio, macho yapumzike.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemhoji! Kweli kabisa! Alikaa kwenye kigoda, kisanduku cha nyuzi mapajani. Nikauliza swali moja tu, kazi yako inaendaje, akazungumza saa nzima. Alivyoupitisha uzi kwenye tundu la sindano! Alivyoukata kwa meno! Akitaja mteja anafumba jicho moja, ndipo amkumbuke. Sauti yake ikitaja rangi, mtu unaweza kuoana naye mara ya pili.

Shangazi alipitisha kikapu mara tatu, akaniuliza mbona kalamu haitembei. Nikasema nasikiliza.

Sasa nimefika nyumbani na karatasi tupu. Alisema nini? Kijani ni ya nani? Mafundo matatu ni nini? Sikumbuki neno hata moja.

Nimefikiria kurudi kumuuliza. Lakini atachoka, maskini, kazungumza sana leo. Na kwa nini nimsumbue, wakati sasa namjua vizuri kabisa? Nimekunjua karatasi, nimechonga penseli. Swali la kwanza nimeshalijibu. Anataka mawaridi, ila yawe madogo.