Dole Gumba la Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 12 Februari 2024

Nina miaka sabini na nne. Nimewazika kaka zangu wote na wenyeviti wa mtaa wanne. Radi iliingia jikoni kwetu ikaua mbuzi niliyemshika kamba, mimi ikaniacha. Surua ilinipitia. Nyati wa bondeni Rukwa alinikimbiza mpaka akachoka yeye. Kwa hiyo kilichotokea leo shambani si kitu.

Nilikuwa napiga ntumba, vile vilima vyetu vya kulimia. Hapa Milanzi hakuna anayepiga ntumba kama mimi: duara kama chungu, nyasi zimelala chini, udongo juu, zioze taratibu. Nikanyanyua bonge la udongo huku nimeinama, nikageuka. Pah! Kitu kikatoka kwenye tako la kushoto, kikateremka nyuma ya paja, kikatokea kwenye dole gumba la mguu. Kama umeme. Nikaanguka kifudifudi kwenye tope.

Teodori akapita. Ni rika langu, shamba lake limepakana na langu, na tangu utoto hajanishinda kitu. Akauliza nafanya nini pale chini. Nikamwambia nanusa udongo kama umeiva. Akasema naona harufu yake imekutoa machozi.

Si kitu. Lakini Jumamosi ya tarehe 16 Machi watu wanakuja kunisaidia kupiga ntumba, na pombe ya ulezi itapikwa. Mwenye shamba ndiye hufungua ntumba ya kwanza, watu wote wakitazama. Asipoweza, anafungua jirani. Hapo ndipo wanaanza kukuita marehemu nawe unasikia.

Jirani ni Teodori.

Jumatano ya Majivu, 14 Februari

Siri bado ninayo. Natembea nimeegemea baiskeli, kama mtu anayeipeleka kwa fundi. Mafuta ya kuchua ya kutoka Kasanga nimepaka shavu la mguu mpaka mbwa wa watu wananifuata. Maumivu yako palepale.

Leo kanisani nimepakwa majivu, nikapiga goti kusali. Kuinuka, mguu umekataa. Watu wakasimama, mimi nimepiga goti. Misa ikaisha, mimi nimepiga goti. Kwaya wakatoka, wakaanza kufagia. Mke wangu Gaudiosa akaninong'oneza kwamba Mungu ameshasikia, niinuke. Nikamwambia bado nina jambo naye. Nje Teodori alikuwa anawaambia watu kwamba dhambi za Evaristi ni nyingi, mwacheni azimalize.

Gaudiosa ndiye aliyeniinua, kwa kunishika mkanda. Baadhi ya watu wamenisifu kwa uchaji. Sifa nimezipokea.

Lakini naandika hapa tu: naogopa. Marehemu kaka yangu Basil alianza hivihivi, mguu. Akaishia kwenye kiti ukutani. Asubuhi wanamtoa, jua likizunguka wanamzungusha, jioni wanamwingiza, kama ulezi ulioanikwa. Kuku walimzoea wakawa wanampanda. Sitaki kuku.

Jumatatu, 19 Februari

Gaudiosa amenipeleka hospitali kwa nguvu. Kwenye bodaboda nililia, nikasingizia upepo.

Daktari ni binti mdogo, anaitwa Redempta. Akaniamkia shikamoo babu, akaniuliza nini kinaniuma. Nikamwonyesha mguu. Akaenda kushika mgongo! Nikamwambia mjukuu wangu, umepotea njia, mguu uko huku chini. Akanilaza chali, akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka. Nikamwita mama yangu, ambaye amekufa zamani. Kisha akaniambia nivute dole gumba kuelekea puani. La kulia likaja. La kushoto likaja kivivu, kama mtoto anayetumwa dukani.

Akasema ugonjwa hauko mguuni. Kati ya pingili za mgongo kuna kitu laini kama mto. Changu kimetokeza, kimebana mshipa wa fahamu unaoshuka mpaka kidoleni. Akasema ni kama waya wa breki ya baiskeli: ukibanwa juu kwenye usukani, gurudumu la nyuma ndilo linaloleta shida, na ukilipaka mafuta gurudumu unapoteza mafuta. Hapo Gaudiosa akanitazama.

Akasema wengi wanapona bila kisu, kwa wiki kadhaa. Nimeze dawa zake. Nisilale kutwa, nitembee kidogo kidogo kila siku. Nisiiname, nisinyanyue kitu kizito, jembe nilisahau kwa sasa. Na kuna mazoezi: unalala kifudifudi, unainua kifua kwa mikono, kiuno kinabaki chini.

Mimi hapo kwenye "kisu" ndipo masikio yalipozibika.

Halafu akasema maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzee. Nikishindwa kukojoa, au nikifa ganzi pale ninapokalia, au dole gumba likigoma kabisa, nije saa hiyohiyo, nisingoje kuche.

Njiani Gaudiosa akasema Teodori mwaka juzi aliumwa hivihivi na akapona kwa mazoezi hayohayo.

Basi mimi sifanyi. Nikipona kwa mazoezi ya Teodori, atatangaza mpaka Chala.

Jumanne, 20 Februari

Nimekunywa maji mengi ili nione kama mkojo unatoka. Umetoka. Baada ya muda nikaenda kuhakikisha tena, haukutoka. Jasho likanitoka badala yake. Nikanywa tena. Ukatoka. Nikashukuru Mungu kwa sauti, nikiwa nyuma ya nyumba. Gaudiosa akauliza nazungumza na nani. Nikamwambia nasali. Akasema Kwaresima hii utakuwa mtakatifu.

Nimejifinya pale ninapokalia. Pameuma. Vizuri.

Alhamisi, 22 Februari

Nimefikiria vizuri ule waya wa breki. Darasa la nne la zamani si mchezo. Waya uliobanwa unafanywaje? Unavutwa!

Nikamwendea Masalu, mfugaji wa Kisukuma anayekaa bondeni kwetu na maksai wake. Nikamweleza: anifunge kwapani kwenye mti, maksai mmoja avute miguu, taratibu tu. Masalu alinisikiliza kwa heshima zote mpaka mwisho. Kisha akasema mzee, kwetu ng'ombe akifikia hali ya kuvutwa hivyo, huwa tunamla.

Nikarudi nyumbani. Gaudiosa yuko sokoni. Nikapanda kigoda, nikashika boriti ya banda, nikasukuma kigoda kwa mguu mzima. Uzito wangu mwenyewe univute. Akili, siyo?

Kweli ulinivuta. Kitu mgongoni kikalia, kah, na mguu wa kushoto ukanyamaza. Haukuuma. Nikafurahi. Kisha nikatazama chini nikaona ndala imevuka mguuni, na mimi sikuisikia ikitoka.

Sijawahi kuogopa hivyo. Nyati alikuwa mchezo. Mikono ikachoka, kuachia naogopa, kuita naona aibu. Nikamwona Basil kwenye kiti chake. Nikaita. Na aliyekuja, kati ya watu wote wa Sumbawanga, ni Teodori.

Alinikumbatia miguu akanishusha kama gunia la maharage, akanilaza kwenye majani makavu. Nilingoja kicheko. Hakucheka. Akanivisha ndala, akafinya dole gumba, akauliza nasikia. Nikasema kidogo. Akakaa chini kando yangu, akasema:

"Evaristi, mimi nililia chooni, ili mke wangu asinione. Fanya yale mazoezi, ndugu yangu. Mtu akiuliza, sema umeyabuni wewe."

Sikujua mahali pa kutazama. Nikamwambia ameniwekea majani yenye viroboto.

Ijumaa, 23 Februari

Nimefanya mazoezi nyuma ya mahindi. Nimeyabuni mimi.

Jumapili, 10 Machi

Nimetembea kwenda kanisani bila baiskeli. Maumivu yamepanda kutoka dole gumba mpaka goti, kutoka goti mpaka tako. Daktari alinipima tena juzi, akasema yanapopanda kurudi mgongoni ndiyo dalili njema. Dole gumba linakuja puani linapoitwa. Akarudia: jembe bado, babu.

Namsikia vizuri sana. Jumamosi Teodori atafungua ntumba badala yangu. Tumekubaliana kama watu wazima. Mimi nitakaa na mtungi.

Jumamosi, 16 Machi

Watu walijaa. Teodori akafungua ntumba ya kwanza.

Ilikuwa mbaya. Imebonyea upande, nyasi zinachungulia. Na watu wanaiga! Shamba langu lote lingejaa vitu kama vile. Nikasema nionyeshe moja tu. Teodori akaniambia Evaristi, weka jembe. Gaudiosa akaniita Baba Yonas, mara mbili.

Nikapiga moja. Duara. Watu wakashangilia. Nikapiga ya pili, ile ya kwanza isionekane ya bahati. Ya tatu nikanyanyua bonge kubwa, nikageuka kumtazama Teodori kama anaona.

Aliona. Yeye na Masalu ndio walionibeba.

Jumapili, 17 Machi

Naandika nimelala kifudifudi. Kosa ni la jembe, mpini ni mfupi. Kwenye mazoezi yangu hakuna kosa.

Asubuhi Gaudiosa na Teodori waliketi kitandani, nyuso kama za matanga. Gaudiosa akasema niinue dole gumba; likigoma, bodaboda anangoja nje, tunakwenda hospitali sasa hivi, na kama ni kisu ni kisu. Nikaomba kwanza maji ya kunywa, na Teodori amsaidie kuyachota.

Walipotoka nikaliita dole gumba. Halikuja. Nikaliita kwa jina la Mungu. Halikuja.

Waliporudi, lilicheza vizuri sana nje ya blanketi. Gaudiosa alifuta machozi, bodaboda akaambiwa aende zake. Anayebisha aende akamuulize yeye au Teodori. Wote wawili wataapa kwamba waliliona likiinuka, na hawatakuwa wamesema uongo, maana nilikuwa nimelifunga uzi, nao niliuvuta chini ya blanketi.