Kamati ya Kudumu ya Viatu vya Swedi

Umma wa kata yetu unatangaziwa, pamoja na kata jirani zinazotuonea wivu, kwamba ofisi imeunda Kamati ya Kudumu ya Matunzo ya Viatu vya Swedi. Kamati ina wajumbe watatu, ina muhuri, na ina kundi lake la WhatsApp. Viatu vyenyewe ni jozi moja.

Ni vya Mtendaji wetu wa Kata, Bwana Chediel. Alivinunua Dodoma alipokwenda kwenye semina ya kubana matumizi. Vina rangi ya karanga zilizokaangwa, na juu vina vile vinyweleo vifupi vya swedi: ukipitisha kidole kwenda mbele vinang'aa, ukikirudisha nyuma vinafifia. Kabla ya viatu hivyo, Mtendaji alikuwa anatembelea vitongoji. Baada ya viatu hivyo, vitongoji vilielekezwa kumtembelea yeye, kwa sababu njia zina vumbi.

Mimi ni Yasinta, mhudumu wa ofisi. Nafagia, nachemsha chai, napeleka barua. Niko kwa kibarua cha miezi mitatu mitatu, mwaka wa pili sasa, na kibarua hicho ndicho kinachompatia mama yangu kule Mgori dawa zake za presha.

Jumanne moja nilikuwa namimina chai, mkono ukatetemeka, kama unavyotetemeka kila ninapotazamwa na watu zaidi ya wawili. Tone moja likaanguka kwenye kiatu cha kushoto.

Mtendaji alilitazama lile tone kama mtu anayeona nzige wakitua shambani kwake.

"Yasinta," akasema taratibu, "doa lingine moja tu, kibarua chako kinaota nyasi. Umesikia?"

"Ndiyo, Mtendaji."

"Una la kusema?"

Nilikuwa nalo. "Hapana, Mtendaji," nikasema.

Kesho yake kamati ikaundwa. Serikali makini haisubiri doa la pili.

Kikao cha kwanza kilihudhuriwa na Mtendaji mwenyewe kama mwenyekiti, Bwana Melkiori ambaye ni Afisa Mifugo, na Bi Belinda ambaye ni Afisa Kilimo. Mimi nilihudhuria upande wa birika. Viatu vilihudhuria vikiwa miguuni mwa mwenyekiti.

Bwana Melkiori alikuwa wa kwanza kuomba nafasi.

"Swedi ni ngozi," akasema. "Ngozi ni zao la mifugo. Kwa hiyo suala hili kitaalamu liko mezani kwangu. Napendekeza tuanze kwa kuogesha. Josho lina dawa mpya."

"Uogeshe viatu?" Bi Belinda akauliza. "Kwani vina kupe?"

"Havijapimwa. Huwezi kusema havina."

"Melkiori, acha hizo. Ngozi ikikauka inapakwa mafuta. Bibi yangu kule Kinampanda alikuwa anapaka mafuta ngozi ya kulalia, mkanda, kibuyu, na sisi wajukuu, wote tukang'aa. Na hapa kwetu alizeti ndiyo zao la kimkakati. Wilayani watatuelewaje wakikuta kiatu kikavu kwenye kata ya alizeti?"

Hakuna mtu aliyewahi kushindana na zao la kimkakati akashinda. Bwana Melkiori akarudi nyuma hatua moja, akajificha kwenye utaratibu.

"Sawa, ila mafuta ya ofisi hayawezi kupakwa kwenye mali ya mtu binafsi. Wala Yasinta hawezi kusafisha kiatu cha mtu saa za serikali. Tukikaguliwa tutasema nini?"

Mtendaji alifikiri. Alipomaliza kufikiri alitabasamu, na sisi tunaomfahamu tukashika viti.

"Basi viingizwe kwenye rejesta ya mali za ofisi," akasema. "Vikishakuwa mali ya umma, umma utavitunza. Mimi nitabaki navaa tu."

Wajumbe wakapiga makofi. Viatu viliandikwa kwenye rejesta chini ya kabati la chuma lisilofungika, na juu ya baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Kama ilivyo kwa meza na viti vyetu, navyo vilipigwa namba ya rangi nyeupe kisiginoni. Tukaulizana ni nani awe mtunzaji wa mali hiyo. Mtunzaji ndiye anayewajibika mali ikiharibika, kwa hiyo wajumbe wakaniteua mimi, kwa kauli moja. Nikasaini sehemu tatu.

Jioni nikapita kwa shangazi yangu, Redempta, anayeuza viatu vya mtumba mnadani. Nilikulia chini ya turubai lake. Swedi ngapi zimepita mikononi mwangu, sijui idadi. Nikamweleza azimio la kamati.

"Mafuta?" Shangazi akaacha kufunga mzigo. "Mafuta kwenye swedi? Hao wamesoma wapi?"

"Wengine chuo, shangazi."

"Na wewe ulikaa kimya! Unajua kabisa swedi haitaki mafuta wala maji. Unaipiga brashi kavu, mswaki wa zamani unatosha. Doa kavu unalisugua kwa kifutio cha penseli. Ikiloa unajaza magazeti ndani, unaianika kivulini. Nilikufundisha ukiwa na miaka kumi, ukawa unanisaidia siku za mnada badala ya kwenda shule."

"Najua, shangazi."

"Sasa unaogopa nini? Wakipaka mafuta kitaharibika, na aliyesaini ni wewe. Utarudi hapa kukaa na mimi juani? Kesho nyoosha mkono useme. We mtoto, mdomo umepewa wa nini, wa kupozea uji?"

Kesho yake, kwenye kikao cha pili, nikanyoosha mkono. Mtendaji alikuwa amefika kwenye mengineyo, na mimi nikaupandisha mkono mpaka usawa wa sikio. Hapo ukagoma.

"Yasinta," akasema Mtendaji, "ukimaliza kujikuna, lete mafuta."

Nikaleta mafuta.

Zoezi la upakaji lilifanywa na Bi Belinda kwa mikono yake, kitaalamu, kwa pamba, huku Bwana Melkiori akishikilia kiatu kama anavyoshikilia ndama wa kuchanjwa. Vinyweleo vyote vililala, kama nywele za mtu aliyenyeshewa mvua. Rangi ya karanga ikawa rangi ya maini. Mtendaji akavaa, akatoka nje kuonekana.

Ulikuwa mwezi wa saba. Watu wa Singida wanaujua upepo wa mwezi wa saba. Mtendaji alipofika kwenye mlingoti wa bendera, kiatu cha kulia kilikuwa kimeshika vumbi, manyoya mawili ya kuku na maganda ya alizeti. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimeshika zaidi. Kamati iliandika kwenye muhtasari kwamba hatua za awali zimeonyesha mafanikio makubwa katika ukusanyaji wa vumbi.

Mtendaji hakuridhika na mafanikio hayo. Aliniandikia barua ya kunisimamisha. Kosa langu lilikuwa kuharibu mali ya umma. Na kwa kuwa alitaka barua iwe na uzito, akaomba wilayani waje kushuhudia uharibifu huo.

Alhamisi ya wiki iliyofuata akaja mkaguzi, Bi Severina. Ni mama mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na hanywi chai ya ofisi anayoikagua. Nilimwambia shikamoo, akasema marahaba bila kuinua kichwa, akaomba rejesta. Mimi nilikuwa nimeshafunga vitu vyangu kwenye mfuko: kikombe, kanga na kandambili. Mfuko ulikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa namfikiria mama.

"Huyu binti," Mtendaji akaanza, "ameharibu viatu vya umma. Namba hiyo hapo. Sahihi yake hiyo hapo, mara tatu. Kwa kweli ofisi imepata hasara ya kusikitisha."

Bi Severina akapitisha kidole kwenye mistari. "Naona. Ni viatu vya umma kweli?"

"Asilimia mia, Mkaguzi."

"Siyo vyako?"

"Mkaguzi! Mimi sina tabia ya kuchanganya mali yangu na ya serikali."

"Vizuri. Mafuta aliagiza nani?"

"Kamati. Lakini mtunzaji ndiye anayewajibika, ndivyo miongozo inavyosema."

"Ndivyo inavyosema," Bi Severina akakubali. "Na mali yenyewe iko wapi?"

Mtendaji akanyoosha mguu mmoja kutoka chini ya meza, kwa fahari kidogo, manyoya ya kuku yakiwa bado yameng'ang'ania.

Bi Severina akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mali ya umma iko miguuni mwako kwa idhini ipi?"

"Kwa idhini ya... Mimi ndiye Mtendaji."

"Nimeuliza idhini. Ipo fomu ya kuazima?"

Bwana Melkiori akatazama dari. Bi Belinda akakumbuka ana shamba darasa la kutembelea.

"Mtunzaji," Bi Severina akanigeukia, "umewahi kumwazimisha huyu bwana viatu?"

Watu wanne walikuwa wananitazama, mara mbili ya wale ninaowaweza.

"Hapana," nikasema. "Sijawahi."

"Umesikia, Mtendaji. Vua."

"Hapa?"

"Unataka tuitishe kikao?"

Akavua. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa nje, nacho kinasikiliza. Bi Severina akanikabidhi viatu mbele ya mashahidi, nikasaini mara ya nne. Halafu akaichukua barua ya kunisimamisha, akaisoma mpaka mwisho, akaikunja.

"Hii haiwezekani," akasema. "Mtunzaji haondoki mpaka akabidhi mali kwa mtunzaji mpya. Mtunzaji mpya ni mpaka kibali cha ajira kitoke. Kibali mmeomba?"

"Tuliomba mwaka juzi," Mtendaji akasema kwa sauti ya chini.

"Basi subirini. Hata kule wilayani tunasubiri."

Siku hiyo Mtendaji alikwenda nyumbani kwa miguu mitupu, akichagua pa kukanyaga, maana uwanja wetu una mbigili. Hapakuwa na aliyecheka. Watu walikohoa tu, wengi, kwa muda mrefu.

Mimi nikatoa kikombe changu mfukoni, nikakirudisha kwenye meza ya chai. Kisha nikaanza matunzo. Nilimwagia viatu unga wa muhogo, nikavifukia kabisa, nikaviacha siku mbili unga ukinywa mafuta. Nikaukung'uta, nikamwaga mwingine. Mara ya tatu unga ukatoka mweupe. Nikavipitisha kwenye mvuke wa birika, mbali kidogo visilowe, nikavipiga mswaki kuelekea upande mmoja mpaka vinyweleo vikasimama. Madoa ya pembeni nikayasugua kwa kifutio. Nikavijaza magazeti, nikaviweka kivulini. Kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata vilikuwa na rangi ya karanga tena. Namba ya kisiginoni sikuigusa, maana ni ya serikali.

Ijumaa hiyo asubuhi Mtendaji alikuja dirishani kwangu amevaa suti na makatambuga, vile viatu vya tairi. Mkononi alikuwa na fomu.

"Shikamoo, Mtendaji."

"Marahaba. Yasinta, mama, nimejaza. Naomba vile viatu. Kesho naenda Kiomboi."

Nikaisoma fomu mstari kwa mstari. Nasoma polepole, na siku hiyo sikuona sababu ya kujiharakisha.

"Hapa hukujaza. Safari ni ya kikazi au ya binafsi?"

"Ni harusi ya mdogo wangu. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi. Watanionaje na matairi haya?"

"Mali ya umma haitumiki kwa safari ya binafsi, Mtendaji."

"Lakini ni vyangu! Wewe unajua ni vyangu!"

"Kwenye rejesta ni vya umma. Tukikaguliwa tutasema nini?"

Akashika nondo za dirisha. "Sasa mimi nifanyeje, Yasinta?"

Nikainua macho. Nilimtazama usoni, na mkono haukutetemeka.

"Nitaitisha kamati," nikasema. "Kaa pale kwenye benchi. Utaitwa."

Akatazama huku na huku, kisha akaenda akakaa. Kwenye benchi alikuwapo mzee mmoja kutoka kitongoji cha mbali, kutoka huko ambako Mtendaji hajafika tangu anunue viatu. Alikuwa amefuata barua ya utambulisho. Mzee akamsogezea nafasi.

"Na wewe unamsubiri Mtendaji?" akamuuliza.

"Eeh," Mtendaji akajibu.

"Basi tulia, ndugu yangu," mzee akasema. "Mimi hii ni siku ya tatu."